Mzee Aliyebaki Asilimia Kumi na Mbili

Kama ulikosa gazeti la wiki iliyopita, hukukosa kitu ila aibu yangu, na ya wiki hii inakutosha. Kwa kifupi: mimi Oscar, fundi picha wa Olasiti, yule niliyewahi kupiga harusi nzima kamera ikiwa haina kadi, hatimaye nilikubaliwa kupeleka posa kwa Mzee Solomoni wa Kikwe. Siku ikapangwa, Jumamosi. Binti ni Prisca, na nilikuwa nimemsubiri miaka mitatu.

Jumatatu ya wiki hiyohiyo, saa nne asubuhi, Mzee Nathanaeli akaingia studio kwangu na flashi mkononi.

Huyu ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa kule Kikwe. Kazi zote za usharika, kuanzia kadi za kipaimara mpaka mabango ya mavuno, ananiletea yeye. Ukigombana naye, umegombana na nusu ya riziki yako.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeleta picha ya kalenda ya mwaka mpya. Ile uliyotupiga mwezi wa nane."

Nikaifungua. Wazee kumi na wawili wamesimama mbele ya ukuta wa kanisa, suti zimenyooshwa, kila mmoja amekunja uso ili aonekane mcha Mungu. Mzee Nathanaeli akanyoosha kidole, akakibandika kwenye kioo, juu ya mtu aliyesimama kushoto kwake pichani.

"Huyu aondoke."

Huyu alikuwa Mzee Solomoni. Baba mkwe wangu mtarajiwa.

Kwa asiyejua habari: Mzee Solomoni alitengwa na kanisa mwezi wa tisa kwa kunywa pombe ya ndizi kwenye sherehe ya rika lake. Kutengwa maana yake haendi Meza ya Bwana, hasimami mbele ya watu, anakaa benchi la nyuma miezi sita, kisha anatubu ndipo anarudi kundini.

"Lakini mzee," nikasema kwa upole, "mwezi wa tatu si anarudi kundini? Na kalenda inakwenda mpaka Desemba."

"Akirudi atakuwa kwenye kalenda ya mwaka unaofuata."

"Kwa hiyo Aprili, Mei, Juni yote, ametubu lakini ukutani hayupo."

"Oscar," akasema, "nimekuja kwa fundi picha au kwa mwalimu wa dini?"

Akasema atarudi kesho kuikagua kabla haijaenda kiwandani kuchapwa, akatoka.

Hakufika hata kona, simu ikalia. Prisca.

"Baba anaulizia kalenda," akasema. "Ameshapigilia msumari sebuleni."

"Msumari wa nini?"

"Wa kuitundika, Oscar. Anasema wanaweza kumkalisha benchi la nyuma, lakini kwenye ile picha amesimama mstari wa mbele. Ndiyo inayompa nguvu siku hizi."

Nikakaa kwenye kiti changu nikaitazama ile picha. Nikimfuta mzee, Jumamosi nitapeleka posa kwa mtu niliyemfuta. Nisipomfuta, nitapeleka posa nikiwa sina kazi. Mtu mwenye moyo angechagua moja. Mimi nikawasha kompyuta.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia.

Watu wanadhani kumwondoa mtu kwenye picha ni kama kufuta ubao kwa dasta. Sivyo. Kwanza unamzungushia mstari, kuionyesha kompyuta sehemu unayoitaka. Mstari wenyewe ni vitone vinavyotembea tembea; mimi naviita siafu. Ukingo wake ukiuacha mkali, mtu anakatika kama boksi lililokatwa kwa wembe, na kila mwenye macho anajua hapa pamechezewa. Kwa hiyo fundi anaulainisha ukingo.

Na ukishaulainisha, kompyuta inaachana na mambo ya ndiyo na hapana. Vitone vya picha vya katikati inavichukua vyote. Vya pembeni inavichukua nusu. Vinavyofuata robo, vinavyofuata kidogo tu, mpaka vinaisha. Tena siafu hawa ni waongo, maana wanatembea pale tu ambapo kuchukuliwa kumefika nusu. Kilichochukuliwa robo kipo nje ya mstari, unakiona kama kimesalimika, kumbe na chenyewe kimo.

Nikamzungushia mzee siafu. Nikanakili kipande cha ukuta wa kanisa kutoka pembeni, nikakiweka juu yake kama leya. Leya ni mfano wa karatasi ya nailoni unayoiweka juu ya picha: cha chini kipo palepale, wewe umekifunika tu. Ukuta ukiwa asilimia mia, mzee hayupo, ni ukuta mtupu. Ukiupunguza, ukuta unaanza kuwa mwepesi, na mzee anaanza kurudi.

Nikaiweka mia. Nikaona msumari mtupu kwenye sebule ya Kikwe. Nikashusha mpaka themanini. Mzee akanitazama waziwazi. Nikapandisha, nikashusha, nikapandisha, kama anayetafuta stesheni ya redio, mpaka kwenye themanini na nane. Hapo, kwa skrini yangu ambayo mwanga wake umechoka miaka mingi, sikuona kitu.

Yaani ukuta themanini na nane, mzee kumi na mbili.

Nikafurahi sana. Nathanaeli akiuliza, nitamwambia ameondoka. Solomoni akiuliza, nitamwambia upo baba, ila mashine ya kiwandani imekupausha. Kila mmoja atapata chake na mimi nitapata mke. Wapo wanaosema mimi ni mjinga. Siku ile nilijiona nina akili kuliko baraza zima.

Jumanne Mzee Nathanaeli akaja, akavaa miwani, akainama mpaka pua ikagusa kioo, akakagua pale tu alipokuwa Mzee Solomoni.

"Safi," akasema. "Hata kivuli hakipo."

Kazi ikaenda kiwandani. Alhamisi akina mama wa usharika wakazichukua kalenda hukohuko kiwandani, sikuwahi kuziona, na jioni ileile wakazigawa nyumba kwa nyumba.

Ijumaa asubuhi nikapigiwa na mteja wangu mmoja wa Kikwe.

"Oscar, pole sana. Tunataka utusaidie picha ya marehemu, ile kubwa ya kuweka mezani."

"Marehemu gani?"

"Si ni Mzee Solomoni. Tumemwona kwenye kalenda."

Kalamu ikanitoka mkononi.

Lawama ni zangu mwenyewe. Picha za kumbukumbu zilizoko kwenye kuta za Kikwe, karibu zote nimezitengeneza mimi. Familia inakuja na picha ya pamoja, nami nachukua marehemu wao, namweka nyuma yao, namfifisha, anakuwa kama mvuke wa chai. Wameipenda hiyo staili, wakaizoea. Miaka sita nimewafundisha watu wa Kikwe kwamba aliyefifia kwenye picha ametangulia mbele za haki. Na mashine za kiwandani, tofauti na skrini yangu, hazijachoka. Asilimia kumi na mbili ilitoka yote, tai na tabasamu lake.

Nikampigia Prisca. Alikuwa ameshaanza kunipigia.

"Oscar, nyumbani kuna turubai."

"La posa?"

"La msiba."

Mila ilitaka nibaki Olasiti Jumamosi ile, washenga waende peke yao. Lakini Prisca alisema, "Ulilolifanya njoo ulione," kwa hiyo nikaongozana na Mjomba Yiamat, mshenga wangu, aliyekuwa amekariri maneno ya posa wiki nzima. Sikumweleza kitu. Niliomba Mungu tukifika watu wawe wameondoka.

Hawakuwa wameondoka. Turubai mbili, viti vya kukodi, wanawake wanamenya ndizi, na sufuria tatu jikoni. Ukishaleta unga na sukari kwenye msiba, ukamkuta marehemu anakata majani ya ng'ombe, unafanyaje? Huwezi kurudi na unga wako. Walikaa. Walisema wamekuja kumsalimia.

Mjomba akatazama turubai, akatazama sufuria, akatazama nyuso. Posa yote ikamtoka kichwani. Akavua kofia, akamwendea Mama Anyesi, mama yake Prisca, akamshika mikono miwili.

"Pole, mama. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Sisi tulikuja na jambo la heri, lakini mbele ya jambo hili tunaliweka pembeni."

"Karibuni," sauti ikasema nyuma yake. "Marehemu ni mimi. Msiliweke pembeni."

Mzee Solomoni alikuwa amesimama na mzigo wa majani begani. Mjomba akaketi bila kuambiwa keti.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba. Ndani."

Sebuleni tulikaa watano: mzee, Mama Anyesi, Prisca, Mjomba na mimi. Kalenda ilikuwa kwenye msumari wake. Mzee akaitazama, kisha akanitazama.

"Hii ni kazi ya mikono yako?"

"Ndiyo, baba."

"Nieleze."

Nilikuwa nimetunga uongo wa kutosha njia nzima. Lakini Prisca alinikazia macho, uongo ukaniyeyukia mdomoni. Nikamweleza yote: Nathanaeli na kidole chake, ukuta, siafu, themanini na nane. Nikasema sikuweza kumwondoa na sikuweza kumwacha. Nikamaliza nikiwa naangalia viatu vyangu.

Nje walikuwa wanaimba tenzi, si za msiba tena, za kawaida tu.

"Tangu mwezi wa tisa," mzee akasema, "hakuna mguu wa mtu uliokanyaga uwanja huu. Watu niliowazikia wazazi wao. Watu niliosimamia ndoa zao. Nikipita wanaangalia mifereji. Leo wameniona nimekufa, wamejaa mpaka nje ya geti. Mmoja amenikumbatia akalia, akaniomba msamaha kwa kutonisalimia. Sikujua kama bado ananipenda."

Mama Anyesi akasogea kwake, na mimi nikajisikia vibaya, maana nilikuwa nimejiandaa kupigwa, sikujiandaa kumwona mzee yule akifuta macho.

"Wengine wote waliniondoa mzimamzima," akasema. "Wewe ulinibakiza."

Nilipaswa kumwambia kwamba nilimbakiza kwa woga. Sikumwambia. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na Mjomba, aliyeanza kupata rangi usoni, akakohoa kidogo kama mtu anayekumbuka alichokuja kukifanya.

"Mzee," akasema, "basi kama uhai upo, na lile jambo la heri lipo."

"Lipo. Nami sina kipingamizi. Ninalo neno moja tu la nyumba hii, na linamhusu yeyote atakayeitwa mwanangu." Akanyoosha kidole sakafuni. "Baraza halikuniona nikinywa. Kuna mtu alipeleka habari, tena na ushahidi. Kanisa litanisamehe mwezi wa tatu na mimi nitalisamehe. Lakini mtu huyo, siku nitakayomjua, hatakanyaga hapa, awe wa mbali, awe wa damu yangu."

"Ni haki yako," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mlango ukagongwa na kufunguliwa kwa pamoja. Mzee Nathanaeli akaingia na kalenda imeviringishwa kwapani. Hakusalimia. Akaikunjua mezani.

"Oscar, hii ni nini?"

"Mzee, nilitaka kukueleza kuhusu Mzee Solo..."

"Sizungumzii Solomoni. Sikio langu liko wapi?"

Tukainama wote. Kweli, sikio la kushoto la Mzee Nathanaeli lilikuwa limebaki kama ukungu. Bega lake la kushoto lilikuwa limeanza kuyeyuka, na nusu ya shavu ilikuwa na rangi ya ukuta wa kanisa. Alikuwa amesimama karibu mno na aliyetengwa. Ukingo niliolainisha ulivuka nje ya siafu ukamgusa na yeye.

"Tangu jana watu wananiuliza kama presha imenishika," akasema. "Mke wangu amezuiwa kuuza ng'ombe, wanasema asubiri, huenda akahitajika kwenye msiba wangu."

Mzee Solomoni akacheka. Nadhani alikuwa hajacheka tangu mwezi wa tisa. Alicheka mpaka akashika ubavu, na Prisca akacheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kosa. Unaweza kumfuta mtu sikio, lakini usimcheke nyumbani kwa hasimu wake.

"Chekeni," Mzee Nathanaeli akasema. "Unadhani nilikuonea, Solomoni? Wewe ndiwe uliyejianika."

Akatoa simu mfukoni, akatafuta, akaiweka mezani juu ya kalenda.

Ilikuwa picha ya ile sherehe ya rika. Mzee Solomoni amekaa katikati ya wenzake, uso umeng'aa, mkono wake wa kulia umeinuka mbele ya kifua. Mkononi hana kitu. Lakini vidole vitano vimekunjwa duara, vimeshika hewa, na midomo imesogezwa mbele kuifuata.

"Mama mmoja wa kanisani alinirushia, naye alirushiwa na mwingine," Mzee Nathanaeli akasema. "Nikajiuliza, mkono huu umeshika nini? Mtu hawezi kuipenda hewa kiasi hiki. Nikaikuza. Tazama hapo kati ya kidole gumba na shati. Ukingo wa kibuyu upo, umefifia. Nikaja kukuuliza mbele ya baraza, nawe hukukana."

Picha ile naijua. Nilipiga mimi, kwa simu yangu, nikiwa nimealikwa na Prisca. Kibuyu nilikiondoa mimi, bila kuombwa na mtu, nikitaka kumsitiri mzee. Nikalainisha ukingo kama kawaida yangu. Halafu nikaiweka kwenye status yangu ya WhatsApp kutangaza studio, kwa sababu mwanga ulikuwa umekaa vizuri. Prisca alikuwa kando yangu siku ile. Aliniuliza, "Na mkono unauacha hivyo?" Nikamjibu kwamba watu hawaangalii vidole.

Mzee Solomoni akaichukua simu. Akaitazama picha kwa muda, kisha akautazama mkono wake mwenyewe.

"Meza hii tulikaa rika langu na familia yangu tu," akasema taratibu. "Picha hii alipiga nani?"

Nje wimbo ulikuwa umeisha. Nilisikia sufuria zikifunuliwa. Jibu lilikuwa neno moja, tena fupi, na lilikuwa langu.

"Mimi, baba," Prisca akasema.

Mama Anyesi akageuka kumtazama binti yake. Prisca hakumtazama mtu. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti.

"Wewe," mzee akasema.

"Mimi. Nilichukua simu ya Oscar, nikapiga, nikarusha. Sikujua itafika kwa baraza."

Sijui kwa nini alifanya vile. Nimejiuliza mara nyingi. Pengine alijua baba akinifukuza mimi, hatutaonana tena, lakini yeye ni damu yake, baba atamsamehe. Pengine alitaka tu kunipa nafasi ya kusema hapana, huyu anadanganya, ni mimi.

Mzee Solomoni akanigeukia.

"Oscar. Ulikuwepo. Ni kweli?"

Ndugu msomaji, nilikuahidi tangu gazeti la kwanza la mkasa huu kwamba sitajipamba. Nilimtazama Mzee Nathanaeli, nikamtazama Mjomba, nikaitazama kalenda ukutani. Nilitafuta jibu lililo katikati, la asilimia fulani. Halikuwepo.

"Ni kweli, baba," nikasema.

Mzee akamrudishia Nathanaeli simu yake. Kisha akamgeukia Mjomba Yiamat, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayeagiza maji.

"Mshenga, posa yenu nimeipokea. Sitaki mahari, sitaki siku nyingine. Mchukueni leo hiihii muondoke naye, na hapa asirudi, hata siku nitakapokufa kweli."

Mama Anyesi akaanza kulia. Prisca hakulia. Alinitazama mimi tu, na nilijua anachokisubiri.

Mjomba akanigusa kwa kiwiko, akaniinamia sikioni.

"Shukuru, ero, kijana wangu," akanong'ona. "Umepewa mke."